Safu ya Ushauri: Kifaransa Kwenye Usukani

Barua ya kwanza imetoka kwa dereva wa lori apelekaye shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Analalamika kwamba amesikiliza masomo ya Kifaransa yaliyorekodiwa safari baada ya safari, lakini utingo wake, yaani msaidizi wake garini, ambaye hakuna aliyemtuma kujifunza chochote, ndiye anayeelewana na maofisa wa mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huko Kasumbalesa, ilhali mwenye masomo hukwama kwenye salamu. Anauliza kama amerogwa.

Kabla ya kwenda kwa mganga, dereva huyu anapaswa kuelewa jinsi masomo hayo yanavyofanya kazi. Baadhi yake hufuata kanuni iliyoelezwa na Mmarekani Paul Pimsleur katika makala yake ya mwaka 1967, ambayo inataka neno jipya liulizwe tena baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, kisha dakika 2, kisha dakika 10, na kuendelea hivyo hadi miezi na miaka, ili kumbukumbu ishtuliwe kabla haijafutika. Kanuni hiyo hufaa zaidi pale mwanafunzi anapojibu kwa sauti katika kimya kifupi anachoachiwa. Sasa lori liendalo kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kila sekunde, hivi kwamba katika kimya cha sekunde 5 dereva anayetafuta namna ya kuagiza kahawa mjini Paris huwa ameshakwenda mita 70, na ndani ya mita hizo mna punda, bodaboda isiyo na taa na trafiki mwenye tochi. Akili timamu humchagua punda, na kahawa ikapotea. Utingo, kwa upande wake, hana punda wa kumkwepa. Yeye hujibu tu, mdomo umejaa mahindi ya kuchoma.

Ushauri ni kwamba somo jipya lisikilizwe lori likiwa limesimama, na foleni ya mpaka wa Tunduma ina saa za kutosha kwa sarufi yote, ilhali barabarani yarudiwe yale tu yaliyokwisha kukaa kichwani. Kwenye kona za Mlima Kitonga sauti izimwe kabisa. Izimwe pia baada ya kuvuka Kasumbalesa, kwa sababu dereva aliyetoka Tanzania na Zambia akishika upande wa kushoto hulazimika hapo kuhamia kulia, na kichwa kimoja hakihamishwi mara mbili kwa siku. Ikumbukwe vilevile kwamba Kifaransa cha Kongo, kama kile cha Ubelgiji iliyoitawala nchi hiyo hadi 1960, huita 70 septante na 90 nonante, wakati masomo ya Kiparisi hufundisha soixante-dix na quatre-vingt-dix, yanayodai hesabu za kujumlisha na kuzidisha. Aliyefundwa Kiparisi pekee anaweza kutajiwa ada akadhani ametajiwa jina la ofisa.

Hata hivyo, inafaa kuuliza kwa upole kama utingo huyo anasema Kifaransa kweli. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, na cha Lubumbashi kimechanganyika na Kifaransa kiasi kwamba kijana mchangamfu mwenye maneno matatu ya kigeni na sentensi nzima za nyumbani hupita bila taabu.

Katika barua ya pili, mtumishi wa umma wa Dar es Salaam anaeleza kuwa akirudia matamshi ya puani ya Kifaransa garini mwake kwenye foleni, abiria wa daladala humcheka. Afunge dirisha. Asijaribu kushika simu sikioni ili aonekane anazungumza na mtu, maana hilo lina faini yake.

Barua ya mwisho ni ya mke wa dereva aendeshaye kati ya Kigoma na Bujumbura, ambaye mumewe usiku humjibu usingizini mwanamke mwenye sauti nyororo. Kwa ratiba ya Pimsleur, neno hudaiwa tena baada ya saa 5, hivyo somo la jioni hurudi usiku wa manane bila mume kuwa na hatia yoyote. Mke akitaka kuhakikisha, asikilize mwenyewe rekodi ya masomo ya mumewe: yaelekea atakuta mwanamke huyo anauliza kilipo kituo cha treni, na kwamba hadi leo hajaelekezwa.