Sifa za Shimo

Wanaozilaumu njia za ndani za Wingwi, Pemba, hawajui hesabu. Mfuko wa Barabara wa Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya 2001, hutegemea tozo inayokatwa kwenye mafuta. Sasa tazama: penye lami dereva huteleza kwa gia ya nne, asichangie kitu cha maana. Penye mashimo, gari la abiria la chai maharage hunguruma gia namba moja, abiria wameng'ang'ania vyuma, kapu la changu likihama upande huu na huu, na mafuta yanateketea. Kila shimo, basi, ni mtoza ushuru asiyedai mshahara wala posho. Marekani, kwa mkataba wao wa msaada wa 2008, walitia lami baadhi ya barabara za vijijini Pemba. Wageni, wasamehewe, hawakujua wanafukuza watumishi.

Atatokea wa kuuliza: pesa za tozo si ndizo za kuyaziba mashimo? Tukiyaziba, tutakusanya kwa nani? Na mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Micheweni? Naye ana haki ya kuchangia taifa. Kwa mwendo huo, huenda akalichangia na raia mpya kabla hajashuka garini.