Heko kwa Wenye Mkono wa Birika

Wanaobeza programu za kompyuta zinazopima hewa ukaa katika mnyororo wa ugavi hawajatambua jinsi zilivyorahisisha kazi ya kuokoa dunia. Mwongozo wa mwaka 2011 wa GHG Protocol, viwango vya kimataifa vya kuhesabu gesijoto, umeupanga katika makundi 15 uchafuzi wa hewa unaotokea nje ya kuta za kampuni, na takwimu halisi zikikosekana unaruhusu kukadiria kwa fedha: chukua kiasi kilicholipwa, zidisha kwa kigezo cha sekta, upate tani. Hapo programu husoma ankara tu. Basi mnunuzi wa Ulaya akiibana bei ya chai ya Kericho hadi nusu, hewa ukaa ya kila kilo nayo hushuka nusu. Majani ni yaleyale, kuni za kiwandani ni zilezile, meli ni ileile; kilichosafishika ni anga. Kumbe wabana bei tuliokuwa tukiwasengenya bure ndio wahifadhi wa mazingira!

Wanaobeza watasema basi mfumko wa bei huchafua hewa bila mtu kuwasha kibiriti. Hilo wataalamu wamelitibu: vigezo husawazishwa kwa mfumko, na fadhila ya kubana bei inabaki salama. Wengine wanataka kiwanda chenyewe kipimwe, na mwongozo haukatazi. Lakini kwa nini umguse mgonjwa ilhali risiti ya duka la dawa iko mezani? Tena mpimaji itabidi apande ndege, na tiketi ina bei, yaani ina tani. Labda apate ya punguzo.