Vinane Vinavyoamua Safari Nangurukuru, Kuanzia cha Mwisho

Nangurukuru ni mahali pa kuamua. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara inapita hapa. Upande wa bahari unachepuka kwenda Kilwa Masoko, kilomita 30 na ushee, na upande wa bara ipo njia ya Liwale. Watu wanashuka, wanapanda, wanakula, wanagombana na mizigo yao. Kwa kuwa nusu yao hawajui watafika lini, maongezi ya hapa yamejaa vile vitenzi ambavyo vitabu vya sarufi huviita visaidizi. Jina hilo limevionea. Kitenzi kisaidizi ni konda: kitenzi kikuu kimeshika usukani, lakini nani apande, ashukie wapi na kwa bei gani, hayo ni ya konda.

Hivi hapa vinane. Viwili kati yake si vitenzi hasa, vimepanda bila tiketi. Vivumilieni.

8. Huenda

Kilianza maisha kikiwa na miguu: mtu huenda shamba, huenda sokoni. Kikiwa kisaidizi hakiendi popote, kimekaa tu kivulini kinasema labda. Tazama kinachokifuata: huenda likaja, huenda wakatukuta. Hiyo -ka- ni ya wasimulizi wa hadithi, ya mambo yaliyokwisha kutokea (alikuja, akakaa, akala), na sasa inatumika kulisimulia basi ambalo hata Somanga halijafika.

Ukiambiwa huenda, agiza chakula.

7. Inabidi na nduguze

Konda anataka unyanyuke, gunia la korosho lipite. Akisema "shuka", hiyo ni amri na mtagombana. Akisema "mama, itabidi ushuke kidogo", ugomvi unakosa pa kuanzia, kwani nani amekubidisha? Ile i- ya mwanzo haimtaji mtu. Sharti limetoka hewani, na konda naye kalipokea kama wewe.

"Unapaswa kushuka" ni ya tangazo la ukutani na barua ya halmashauri. "Lazima ushuke" maana yake ameshakasirika. "Nililazimika kushuka" ndivyo utakavyosimulia ukifika nyumbani. Lakini fundi kuliko wote ni yule anayesema "inabidi kushuka", bila kiambishi cha mtu hata kimoja. Hapo abiria wote hugeuka kumtazama jirani.

6. Weza

"Naweza kulibeba" ni nguvu. "Naweza kukaa hapa?" ni ruhusa. "Naweza nikalala hapahapa leo" si nguvu wala ruhusa, ni mtu aliyeanza kuukubali usiku. Tofauti yote imebebwa na kinachofuata: ku- kwa uwezo na ruhusa, -ka- kwa lolote linaloweza kumpata binadamu njia panda.

Halafu kuna mwanawe, inawezekana, mpendwa wa wakata tiketi. Kiti cha dirishani kipo? Inawezekana. Nani anawezesha? Hajulikani. "Haiwezekani", kwa upande wake, mara nyingi ni bei tu ambayo haijatajwa.

Hapa nimtetee mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Ameingia sekondari, amekuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, naye anaandika I can be able to. Mwalimu anapitisha wino mwekundu. Lakini mtoto huyu ametoka kwenye lugha ambayo weza hunyumbulika kila upande: niliweza, nitaweza, ningeweza, kuweza. Can ya Waingereza haina wakati ujao wake, haina hata umbo la ku-, na mahali hapo wenyewe huazima be able to. Mtoto ameona pengo, akaliziba mapema, kabla hajafika lilipo. Amekosea, ndiyo, ila amekosea akiwa anafikiri.

5. Naomba

"Nataka maji" ni sentensi safi, na maji utapewa, pamoja na jicho. Pwani huomba. Unaomba maji ya kulipia, unaomba chenji ambayo ni yako, unaomba kushuka kwenye gari ulilolipia nauli. Naomba kinatembea na wenzake bila tabu: naomba nipite, naomba unisogezee hicho kikapu, naomba uniombee kwa dereva asimame pale kwenye mwembe.

Konda naye ni mtu wa adabu: "Tunaomba nauli, wazee." Jaribu kulikatalia ombi hilo.

4. Wahi

Kuwahi ni kufika kabla mambo hayajaharibika. Kikiwa kisaidizi, kinauliza kama jambo limetokea hata mara moja maishani. Ndiyo maana mtu wa stendi anaweza kutamka, bila kosa lolote la kisarufi, "sijawahi kuwahi".

Umewahi kufika Kilwa Kisiwani? Msafiri Ibn Battuta aliwahi. Alifika mwaka 1331, na kwa kweli aliwahi, maana mwaka 1505 Wareno walikuja kuupora mji.

3. -nge-

Huyu ni wa kwanza wa wale wasio na tiketi: si kitenzi, ni kipande cha katikati, lakini bila yeye stendi ingekosa mazungumzo. "Ungekuja asubuhi ungelikuta." Ndiyo rambirambi rasmi ya anayekatisha tiketi.

Vitabu vya shule vimegawa kazi vizuri: -nge- kwa jambo ambalo bado lina nafasi, -ngali- kwa lililokwisha kupita. Stendi haikuhudhuria kipindi hicho. Asubuhi imepita, basi limepita, na bado ni -nge-. Anayetaka kuuonyesha wakati uliopita huongeza kitenzi kizima, ungekuwa umekuja, kuliko kwenda kumwamsha -ngali-, ambaye siku hizi anaishi kwenye mitihani, mashairi na hotuba. Na mtu wa pwani hii asiwe mwepesi wa kuomba radhi kwa Kiswahili chake. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja katika karne ya 20, ilhali miongoni mwa barua kongwe zaidi za Kiswahili tulizonazo zimo za Kilwa, za mwaka 1711, zilizotunzwa Goa, India.

Kwa miaka mingi -nge- ya huku ilikuwa na mada moja, barabara. Lingekuwapo daraja tusingelala kivukoni Rufiji. Daraja la Mkapa likafunguliwa mwaka 2003. Basi ingekuwa lami kati ya Ndundu na Somanga, zile kilomita 60 zilizobaki udongo miaka mingine mingi, tungefika mchana. Lami ikaja. Sasa ni: dereva asingesimama kununua samaki tungekuwa tumefika. -nge- hakosi ajira.

2. Mkia -ia

Wa pili asiye na tiketi, na ndiye hodari kuliko abiria wengi wenye tiketi. Waingereza hupanga vineno vidogo nyuma ya kitenzi, kwenda, kutoka, kwa ajili ya, na mwanafunzi hukesha akivikariri kimoja kimoja. Sisi kazi kubwa ya vineno hivyo tumeishonea kwenye kitenzi chenyewe. E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, aliuita mnyambuliko huu kwa jina lililotokana na vihusishi hivyohivyo. Walimu wetu huuita kauli ya kutendea.

Konda haulizi utashuka wapi. Anauliza "unashukia wapi, anko?", na -i- moja imegeuza mwendo wa mwili kuwa mahali pa kutulia. Chunga unapoitumia. Amehama Liwale, kaondoka. Amehamia Liwale, kapeleka kitanda. Anamkimbia mkewe, shauri lake. Anamkimbilia mkewe, tumpongeze. Natoka Lindi yaweza kuwa asili ya mtu, natokea Lindi ni vumbi la leo.

Panga sasa visaidizi kadhaa mbele ya mkia huu, usikie Nangurukuru inavyozungumza: "Kama wangetaka kuwahi Masoko, ingebidi washukie hapa." Hakuna kineno hata kimoja cha mahali humo zaidi ya hapa, na kila mtu amejua pa kushuka. Isipokuwa yule aliyelala, ambaye kapitilizwa mpaka Mchinga. Kupitilizwa nako kuna mkia, bahati mbaya haukumwamsha.

1. Taka

Bingwa. Mvua inataka kunyesha. Jua linataka kuzama. Gari linataka kuondoka. Mgonjwa anataka kufa, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Kitenzi cha matamanio kimepewa vitu visivyo na moyo, kikawa na maana ya "karibu tu".

Tena ni kazi yake ya zamani. Ile -ta- ya litaondoka ni taka iliyokatwa mkia. Umbo zima bado linajitokeza kwenye virejeshi: basi litakaloondoka, nitakapofika, watakaokuja. Kila ukiahidi jambo la kesho, ndani yake mmejificha kutaka. Waingereza walipita njia hiyohiyo bila kushauriana nasi, kwani will yao nayo ilianza kwa maana ya kutaka. Mdomoni tunazidi kuifupisha, nitakuja inakuwa ntakuja, na kadiri inavyofupika ndivyo ahadi inavyokuwa nyepesi kuitoa.

Kwa hiyo konda anapopiga bodi kwa kiganja akisema "linataka kuondoka, linataka kuondoka!", kisarufi hajadanganya. Hajasema linaondoka. Hajasema litaondoka. Ametoa taarifa ya matamanio ya gari, basi, na dereva huyo anaonekana dirishani mwa mgahawa akiagiza sahani ya pili ya wali.

"Sasa kaka, linataka kuondoka saa ngapi?"

"Likitaka, mama."