Mpya Ipi?

Kila anayeiona baiskeli yangu ya Phoenix imeegemea ukutani huanza: "Mzee, si ununue mpya?" Mpya ipi? Hizo zinazopangwa kando ya barabara zimeshuka melini kutoka Japani, na kikapu mbele na kibandiko ubavuni nisichoweza kukisoma. Huo ni mtumba. Mwenyewe kaichoka, mimi niipokee kwa vigelegele!

Au zile za gia kutoka China, zenye springi mbele na springi katikati. Nazo ni mpya kweli, mpaka uulize keria iko wapi. Haipo. Sasa mke wangu akae wapi? Nasikia Ulaya kuna baiskeli za watu wawili, viti viwili na pedeli jozi mbili, wote wanatoka jasho. Ya kwetu ya watu wawili ni keria: mmoja anapiga pedeli, mwenzake anakosoa mwendo.

Phoenix yangu nayo ni ya China, ila ya Shanghai ya zamani: ringi 28, breki za vyuma, si za waya. Marehemu baba alibebea mkaa, mahindi, na wajawazito wa mtaa mzima.

Kinachonimaliza ni fundi. Nampelekea kota pini imelegea, basi. Anagonga nyundo, anazungusha krenki, anatega sikio, halafu anatikisa kichwa. "Mzee, ekseli imeliwa." Nabadili ekseli. "Na goroli hizi, mzee, utazirudisha hivi hivi?" Nabadili goroli. Kufika nyumbani, friwili inateleza. Mke wangu amepiga hesabu: hela ya fundi ingenunua mtumba na chenji ya mchele ikabaki.

Sibishani na hesabu zake. Ila jirani yangu alinunua huo mtumba wa Kijapani, gia zimefichwa ndani ya habu ya nyuma, akatutambia mtaa mzima. Gia zikafa. Fundi yuleyule akaifungua, akaitazama, akaifunga. Spea hakuna. Mwisho akamtolea gurudumu zima la nyuma na kumwekea jingine lenye friwili ya kawaida, kama yangu. Jirani kanunua mpya, sasa anaendesha nusu Phoenix.

Kwa hiyo siuzi. Mwenye kota pini za zamani, za chuma cha kweli, si hizi laini zinazopinda kwa nyundo moja, aniletee. Nalipa taslimu, ila aje mke wangu akiwa sokoni.