Tarehe Iko kwa Mhazini

Waulize wachumba wa Dodoma walikutana wapi, na jibu utalipata mara mbili kwa pamoja. Mmoja ataanzia kwenye foleni ya chakula cha mchana pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Mwenzake atamkatiza na kumkumbusha kwamba walishaonana kabla ya hapo, ndani ya basi la watumishi, na kwamba aliyeanza kusalimia anajulikana. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, mapenzi mengi ya mji huu yameanza na barua ya uhamisho, na hadithi zake ni tamu kusikiliza. Sasa waulize harusi ni lini. Watatazamana, kisha mmoja atasema kwa unyenyekevu, "Tunasikilizia kikao cha Jumapili." Watu wawili waliochaguana bila kamati, bila muhtasari na bila akidi, hawana tena mamlaka juu ya Jumamosi moja ya maisha yao. Wazee hudai vijana wa siku hizi hawajiamini, vijana nao hudai wazee wanaingilia. Wote wamebisha hodi nyumba isiyo yenyewe. Harusi ya mjini kwetu ni siku ya kulipana madeni, na wachumba ni sababu halali ya kuwakusanya wadai na wadaiwa chini ya paa moja. Ukishalikubali hilo, karibu kila mkosi wa harusi, kuanzia kuchelewa hadi kwisha kwa wali, utauona ni utaratibu.

Tazama pesa inavyotembea. Mtumishi aliyeajiriwa miaka kumi iliyopita ameshaingizwa kwenye magrupu ya harusi mengi kuliko semina alizohudhuria. Haombwi ruhusa. Simu inalia, anaona picha ya watu wawili waliovaa kitambaa kimoja wakitazama upande mmoja, chini yake jina la mwenyekiti, jina la mhazini na namba ya kutumia pesa. Hapo ana dakika chache za kuandika ahadi yake kabla jirani yake wa ofisini hajaandika kubwa zaidi. Orodha inanakiliwa upya kila ahadi inapoongezeka, jina kwa jina, na alama ya vema kwa aliyemaliza. Asiyeanza anaachiwa nafasi tupu, ambayo huonekana kuliko jina lolote. Kadi ya single ina kiwango chake, ya double ina chake, na aliyetoa pungufu huingia kwenye kundi la wanaoshukuriwa kwa maombi yao. Nyuma ya grupu hilo yuko mama wa bwana harusi na daftari lake la zamani, lenye majina ya watu ambao watoto wao aliwachangia tangu enzi za bahasha. Mwanawe anapotangaza uchumba, mama haanzi na albamu ya picha. Anaanza na daftari. Huu ni upatu wa miaka thelathini usio na katiba, na zamu ya kupokea inaamuliwa na nani kampenda nani.

Asije mtu akadhani mambo haya yaliletwa na watu wa Dar es Salaam pamoja na makabati ya wizara. Katika nyanda hizi kavu za kati, Wagogo walikuwa na kamati kabla ya simu. Peter Rigby, mtafiti aliyechapisha kitabu juu ya ng'ombe na undugu wa Wagogo mwaka 1969, alieleza jinsi mahari ya ng'ombe na mbuzi ilivyokusanywa kwa ndugu wa kijana, wa kuumeni na wa kukeni, na ilivyogawanywa kwa ndugu wa binti wa pande zote mbili. Ng'ombe wa mjomba hakuwa mnyama tu; alikuwa hoja ambayo mjomba angekuja kuitetea siku mwanawe wa kiume atakapotaka kuoa. Kilichopungua siku hizi ni ushahidi. Ng'ombe aliyeahidiwa alionekana kwa macho, anakula majani ya mtu, ana rangi na jina. Ahadi ya kwenye grupu haili majani.

Dodoma deni hili lina ugumu wa pekee kwa sababu wadai hawakai mahali pamoja. Chukua bibi harusi ambaye kwao ni Bukoba, bwana harusi ambaye kwao ni Singida, na wachangaji wakubwa walioko Mtumba, kwenye majengo ambayo kabla ya 2018 mahali pake palikuwa vichaka. Wazazi wanataka binti aagwe nyumbani. Wakwe wanataka mkamwana aonekane kwao. Mhazini anataka harusi iwe pale pesa ilipo. Matokeo yake ni sherehe tatu: sendofu Bukoba, harusi Dodoma, na ile "ndogo tu" ya Singida ambayo haikuwa kwenye bajeti na ambayo imemchinja ng'ombe mzima. Kisha ije tarehe. Januari hakuna mwenye pesa. Kwaresima ikiingia, Wakatoliki na Waanglikana, ambao Dodoma wamejaa, hawafungi ndoa kwa vigelegele, na Ramadhani nayo ina heshima yake. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la Bajeti limeketi. Vyumba vya wageni vinapanda bei, kumbi zinagombewa, na wachangaji wenye vyeo wanalala na vitabu vya makadirio. Julai mwaka mpya wa fedha umeanza, mtama na uwele vimeshavunwa, watu wamechangamka, lakini upepo wa Dodoma wa miezi hiyo unamvua bibi harusi shela na kumvisha vumbi kabla hajateremka garini. Desemba Wachaga wameondoka kwenda Moshi, na kamati yoyote yenye mhasibu inajua maana ya safari hiyo kwenye hesabu. Zinabaki Jumamosi chache kati ya mwisho wa Agosti na Novemba, tena zile zinazofuata mshahara, na kila moja ina harusi nyingine zinazowawinda wachangaji walewale. Zamani jamaa wa Dar walikuwa na udhuru wa umbali. Tangu treni ya SGR ilipozinduliwa rasmi hadi Dodoma, Agosti 2024, wanafika kwa saa chache, na kamati imeshawahesabia sahani. Kwa hali hiyo, kumuuliza mchumba "mbona hampangi tarehe?" ni ukatili.

Tuingie ukumbini. Kadi imeandika saa kumi na mbili jioni. Maharusi wanaingia saa tatu usiku. Lawama huangukia kwa msusi na mpiga picha, na kweli wana dhambi zao, ila simama kidogo mlangoni. Wajumbe wawili wa kamati wanahakiki kadi kwa orodha. Pembeni yao kuna mgeni aliyevaa suti nzuri anamalizia ahadi yake kwa simu, mtandao unazunguka, naye anawaonyesha jinsi unavyozunguka. Salio la ukumbi liko ndani ya simu kama hiyo, na mwenye ukumbi ameshika swichi ya muziki. Kwa hiyo maharusi wanazungushwa mjini kwa mara ya pili, honi zikilia, watu wa barabarani wakiwapungia kwa furaha bila kujua kwamba wanatazama mkopo ukisubiri kuiva. Wakishaingia, anatambulishwa mwenyekiti, makamu wake, katibu, mhazini, kisha mjumbe mmoja mmoja na wimbo wake. Keki inakatwa na vipande vinapelekwa kwa wazazi, kwa wasimamizi na kwa kamati. Inafuata ndafu, yule mbuzi mzima aliyebanikwa akatiwa majani mdomoni, ambaye tulimwazima kwa Wachaga na hatuna mpango wa kumrudisha. Naye anapelekwa kwa kamati. Meza za nyuma zinakosa wali, kwa kuwa mpishi alilipwa kwa idadi ya waliotimiza ahadi, ilhali walioingia ni idadi ya walioahidi. Na ile hadithi ya foleni ya Mtumba? Imepewa dakika tano za mshereheshaji, ambaye hajawahi kuongea na wahusika, na anatangaza kwamba walikutana chuoni UDOM kwa sababu maharusi wa wiki iliyopita walikutana huko. Wiki mbili baadaye kamati inakutana kujivunja, kwa nyama na vinywaji, kwa pesa iliyobaki. Isipobaki, wajumbe wanachangishana. Ni chombo kinachohitaji bajeti hata cha kufia.

Nitaambiwa nimeingiza uhasibu kwenye utu: kuchangiana ni undugu, na Mtanzania akitoa ametoa. Ningelikubali hilo kwa mikono miwili kama angetokea mhazini aliyechoma orodha yake baada ya harusi. Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss aliandika kwamba katika jamii nyingi duniani zawadi hubeba wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Kikao cha Jumapili kule Nzuguni angekielewa kabla soda hazijafunguliwa. Na kuliita deni si kulitukana. Mji wa watu waliohamishwa, usio na shangazi wa kukusuta wala jirani aliyekujua ukiwa mtoto, unahitaji sababu za watu kutopotezana, na deni ni sababu nzuri. Anayekudai mchango wa harusi atafika pia msibani kwako, maana hawezi kuruhusu upotee. Ninachokataa ni kumwambia bibi harusi aliyechoka, saa sita usiku, kwamba hayo yote ni kwa ajili yake.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo ni la wachumba wenyewe: kama ni hivyo, tuachane na kamati, twende bomani Jumanne asubuhi. Sheria iko upande wao kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya wawili hao, taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, mfungishaji mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Keki haikutajwa. Imesema pia kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi za mahari au za kupeana zawadi hazikutimizwa. Imemfikiria hata aliyeachwa njiani, ikamruhusu kudai fidia kwa kuvunjiwa ahadi ya kuoana. Juu ya aliyeahidi mchango kisha akabadili namba ya simu, imekaa kimya. Lakini Jumanne hiyo ina gharama. Mtoto anayefunga ndoa kimya kimya amemfutia mama yake daftari lote la tangu enzi za bahasha, na watakaomshukuru ni wadaiwa wa mama. Wala kukimbilia mbali hakusaidii. Waeritrea waishio Marekani, ambao wachumba wao husimulia wenyewe bila haya jinsi walivyopendana, bado hutuma wazee kwenda kuomba binti, na baada ya siku ya gauni jeupe hufuata melsi, siku ya pili ya mavazi ya kwao, huku jamaa wa Asmara, wa Ulaya na wa Marekani wakitafutiwa wikendi moja. Mbele ya hayo, Bukoba na Singida zimepakana. Jambo moja tu ninawaonea kijicho: hadithi yao wanaisimulia wao.

Wapo pia watakaosema fedha hizo zingejenga nyumba. Anzisha grupu la kuchangia bati, uone watu watakavyojiondoa kabla hujamaliza kusalimia.

Kwa hiyo mimi ningevitenganisha vitu viwili ambavyo vimebanana bila sababu. Wachumba watoe taarifa yao ya siku 21 na wafunge ndoa kanisani, msikitini au bomani, siku wanayoitaka wao, hata Januari ya ukata, mbele ya wazazi na mashahidi wawili. Sherehe wapewe kamati, waifanye Jumamosi ambayo wadai na wadaiwa wote wako mjini, hata kama ni miezi minne mbele. Mama afunge hesabu za daftari lake kwa heshima, na maharusi waje kama wageni rasmi, wakiwa wameshazoeana kiasi cha kugombania chaja ya simu. Atakayelalamika kwamba sherehe isiyo na ndoa siku hiyohiyo haina ladha ajiulize mbona sendofu hatufungi ndoa na sahani zinarudi tupu. Zile dakika tano za hadithi, kipaza sauti wapewe wao wawili, hata wakikatizana. Nawe uliyeandika ahadi mwezi wa pili kisha ukalinyamazisha grupu, fungua simu ulipe leo. Kujiondoa kwenye grupu hakufuti jina kwenye orodha.