Hatua za Nani?

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimeandikwa ukutani kwa rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe bei. Anajua tu kwamba akienda kwao kuzika na akapitiliza kidogo, anaweza kurudi akakuta familia nyingine inakunywa chai barazani kwake, na ina mkataba.

Ungedhani watu wa mji wenye hofu ya namna hii wangewaenzi mawakili. Wapi! Tukienda kununua kiwanja tunamlipa dalali asilimia kumi bila kukunja uso. Tunamlipa hela ya kutuonyesha kiwanja, hela ya bodaboda ya kumfikisha kiwanjani, na hela ya soda ya kumpoza koo kwa uongo aliotuambia njiani. Kisha tukifika kwa wakili tunashika kiuno kama tuko gengeni tunanunua nyanya: "Laki nne? Kwa karatasi tatu?"

Hayo maneno si yangu, ni ya mjomba. Mjomba ni mstaafu wa bandari, na kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, hakuna kinachonunuliwa nyumbani bila yeye kuwepo, iwe ng'ombe wa mahari au jokofu. Kwake wakili ni muhuri uliovaa tai. Maneno unaandika mwenyewe, bei mnapatana wenyewe, yeye kazi yake ni kugonga. Sasa kugonga mara moja ndiyo laki nne?

Kiwanja chenyewe kiko Chanika, mbele ya pale lami inapokata tamaa. Hakijapimwa. Nilipomuuliza dalali kama kina hati alijibu haraka, "Kina hati ya serikali ya mtaa," na ukimsikia anavyolitamka unaweza kuamini kitu hicho kipo. Muuzaji alikuwa mzee mmoja mcheshi, mfupi, mwenye kanzu iliyombana kidogo miguuni, na kanzu hiyo naomba msomaji aikumbuke. Alianzia kwenye mkorosho, akatembea mpaka kwenye kichuguu, dalali akihesabu kwa sauti ya mnadani: ishirini na tano! Akageuka, akatembea mpaka kwenye uzio wa jirani: thelathini! Mjomba, ambaye ana futi sita na ushei, alisimama kivulini akitikisa kichwa kwa kuridhika. Namba zilizotimia hivyo humpa imani.

Dalali akatuletea na wakili. "Wa hapa hapa, msiende mbali." Ofisi yake ilikuwa meza, mashine ya kuchapa na mwavuli, nje ya uzio wa mahakama ya mwanzo, na kwa elfu hamsini alitupa mkataba kabla soda ya dalali haijaisha. Ulikuwa mkataba mzuri sana wa kiwanja kingine. Ukurasa wa pili ulinipa minazi 12 na choo cha shimo, wakati kiwanja changu kina mkorosho mmoja na kichuguu. Ukurasa wa tatu ulimtaja muuzaji ambaye ni mwanamke wa Kibaha. Na chini kabisa, mahali ambapo sheria inataka jina na anwani ya aliyeandaa waraka, paliandikwa: "Imeandaliwa na wahusika wenyewe."

Hapo ndipo pa kuangalia, kama una haraka na huna muda wa kusoma vyote. Mtu anayejiita wakili na haandiki jina lake kwenye kazi yake ana sababu. Mahakama ina mfumo wake wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili. Unaandika jina, unaona kama mtu yumo kwenye orodha ya mawakili na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai, kwa sababu wakili huhuisha leseni kila mwaka. Nikaandika jina la bwana wa mwavuli. Hakuwemo. Nikamwonyesha simu. Akaitazama kwa huruma, akasema mtandao wa Chanika ni dhaifu.

Vishoka wa aina hii mji umejaa, na simlaumu sana yeye. Anauza kile ambacho akina mjomba wanatafuta, yaani muhuri. Ninayemlaumu ni dalali, na hata yeye kidogo tu. Dalali analipwa biashara ikikamilika, wakili wa kweli kazi yake ni kutafuta sababu ya kuizuia isikamilike. Hawa wawili wakiwa marafiki, ujue kuna mmoja hafanyi kazi yake.

Wakili tuliyempata alipendekezwa na jirani aliyewahi kushinda kesi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. (Aliyeshinda kesi ya ardhi ni mshauri mzuri. Aliyeshindwa ni mzuri zaidi, ila mazungumzo huwa marefu.) Alikuwa dada wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, ofisi yake karibu na Kisutu, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Mjomba alifika juu akihema, akamwita "binti", akamwekea ule mkataba wa mwavuli mezani, akamwambia agonge tu.

Dada akasoma. Alisoma yote, mpaka minazi. Kisha akavua miwani.

"Hatua 25 kwa 30," akasema. "Hatua za nani?"

Kimya.

"Za mzee," mjomba akajibu.

"Mzee ana urefu gani?"

Dalali alikuwa ametuambia mita, mkataba ulisema hatua, na sisi sote tulikuwa tumeamua kimoyomoyo kwamba hivyo ni vitu vya tumbo moja. Wakili akamtuma karani wake na tepu ya mita 50. Tukapima kuanzia mkorosho mpaka kichuguu, kutoka kichuguu mpaka uzioni. Ikaja mita 19 kwa 23. Kwa mdomo wa dalali nilikuwa nanunua mita za mraba 750. Kwa tepu zilikuwa 437. Mzee akaishika ile tepu, akaigeuza, akasema, "Ya Kichina hii." Dalali naye akaeleza kwa utulivu kabisa kwamba kiangazi ardhi husinyaa.

Bei ikashuka kutoka milioni 12 hadi 9. Mzee hakuchukia sana, nadhani hata yeye hakuwahi kujijua urefu wa hatua zake. Aliyechukia ni dalali, maana asilimia kumi yake ilisinyaa pamoja na ardhi. Kuanzia siku hiyo akawa anamwita wakili wetu "yule mama wa tepu".

Na mama wa tepu ndiyo kwanza alikuwa ameanza. Akamweleza mzee kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, hivyo anachouza hapa ni haki yake ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyomo. Mzee akasikiliza kwa makini, kisha akauliza kwa wasiwasi, "Ina maana Rais naye anataka asilimia kumi?"

Swali halikuwa la kipuuzi, kwa sababu asilimia kumi nyingine ilikuwa inatungoja kwa mwenyekiti wa mtaa. Serikali imeshawaonya viongozi wa mitaa mara nyingi kuhusu makato hayo kwenye mauziano ya ardhi, lakini onyo likitoka huko juu hufika Chanika limechoka. Wakili hakubishana. Alimwambia mwenyekiti, kwa heshima zote, kwamba tutalipa kiasi chochote kitakachoandikwa kwenye stakabadhi ya serikali. Kikao kikaahirishwa ili kitabu cha stakabadhi kitafutwe. Hakikuonekana. Tukaishia kuchangia rimu ya karatasi, na mwenyekiti akathibitisha kwamba mzee anamfahamu, majirani wanamfahamu, na kiwanja hakina mgogoro, mambo ambayo ndiyo hasa tuliyoyafuata.

Kisha wakili akatupeleka mipango miji kuangalia kama pale hapakuchorwa barabara au eneo la wazi. Mjomba akaona ni kupotezeana muda. Yeye mwenyewe amesimama pale kwa miguu yake na hakuona barabara. Nikamkumbusha mwaka 2017, Barabara ya Morogoro, Kimara mpaka Kiluvya, nyumba zilizopigwa X nyekundu na kubomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Nyumba ya rafiki yake wa bandari ilikuwa mojawapo. Akanyamaza, akapanda daladala bila neno.

Ushauri wa mwisho wa dalali ulikuwa wa kiuchumi. Tuandike milioni 4, alisema, ushuru wa stempu ni asilimia moja, kwa nini tuitajirishe serikali? Mjomba macho yakamng'aa. Wakili akaniuliza mimi, hakumwangalia dalali: "Kesho akitokea mtu mwingine mwenye kiwanja hiki, ukaenda kumdai mzee hela yako, utamdai milioni ngapi?" Nikapiga hesabu. Mjomba naye akapiga, midomo ikimcheza. Milioni 5 zikapotea hewani mbele ya macho yetu, ili kuokoa elfu hamsini.

Shemeji yangu aliwahi kujaribu ujanja huo huo upande wa kuuza, nyumba yenye hati kule Sinza, kukwepa kodi ya asilimia kumi ya faida. Nyumba ya hati ina safari yake: fomu namba 29 ya kutoa taarifa, 30 ya kuomba kibali, 35 ya uhamisho wenyewe, na katikati yake anakuja mthamini. Mthamini hakuuliza shemeji ameandika bei gani. Aliitazama nyumba, akaandika ya kwake.

Tukafika siku ya kusaini. Mzee alitaka taslimu, ndani ya mfuko wa rambo, kama alivyouza shamba la Vikindu. Wakili akasema benki, ili pabaki alama. Mzee akapendekeza pia kwamba kwa kuwa dada ameonekana mtu mwema, basi awe wakili wa wote wawili, gharama tugawane. Mjomba akaafiki papo hapo. Dada akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. "Mzee wangu, mimi nimelipwa nikutilie shaka wewe. Nikikuwakilisha na wewe, nimtilie shaka nani?"

Kisha akauliza, kalamu mkononi, "Mzee, una mke?"

"Ninaye."

"Mmoja?"

Mzee akatazama feni. "Wa pale nyumbani, mmoja."

"Na asiye wa pale nyumbani?"

"Yuko Mkuranga."

Ikabidi kalamu iwekwe chini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi na haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza. Hapa nyumba haikuwepo, lakini ilibainika kwamba huyo wa Mkuranga, ambaye ndiye mke mkubwa, aliwahi kuishi pale kwenye kibanda kabla hakijaanguka, na mkorosho aliupanda yeye. Dalali akalaza kichwa juu ya meza.

Mke mkubwa akaitwa. Alikuja na bajaji, bibi mrefu kuliko mumewe kwa kichwa kizima, akawapa mkono wote isipokuwa dalali. Wakili akamsomea mkataba neno kwa neno. Akauliza bei. Akaambiwa. Akamgeukia mumewe, "Ulisema mbili na nusu." Mzee akagundua kamba ya kiatu chake imelegea.

Yaliyofuata sikuyasikia yote, walizungumza kwenye korido, sauti moja tu ndiyo ikisikika. Waliporudi, bibi alikuwa tayari kusaini kwa masharti mawili: sehemu ya hela iingie kwenye akaunti yake yeye, na mnunuzi amletee doti mbili za khanga, kwa ajili ya mkorosho wake. Mjomba akasema la khanga liachwe, hilo ni la kiungwana, haliandikwi. Mama wa tepu akasema kwake hakuna lisiloandikwa. Akamwelekeza karani, na kikaongezwa kifungu cha tisa kinachosema kwamba pamoja na fedha zilizotajwa hapo juu, mnunuzi atamkabidhi mke mkubwa wa muuzaji doti mbili za khanga, mpya, zisizovuja rangi.

Mjomba alikisoma mara mbili, kisha akauliza kama khanga nazo zinalipiwa stempu. Wakili alifikiri kidogo, akasema ataangalia.