Naomba Wanafunzi Hewa

Kwa Ofisi ya Mazoezi ya Kufundisha,
Chuo chetu kipendwa (jina nalihifadhi, maana cheti changu bado kiko kwenu).

YAH: OMBI LA KUPATIWA WANAFUNZI HEWA WA KIFARANSA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Kwanza poleni na majukumu. Kuwagawa wanachuo katika shule za nchi nzima si kazi ndogo, na ninyi mmeipunguza kwa busara: hamuulizi mtu anasomea kufundisha nini. Wa Fizikia hilo halimsumbui, kila shule ina Fizikia, hata kama haina maabara. Wa Kifaransa naye hupelekwa panapobaki nafasi. Safari hii nafasi ilibaki Tunduma.

Na Tunduma sina ugomvi. Ukitafuta mji unaodai mwalimu wa Kifaransa, ni ule. Malori yanapanga foleni kuvuka Nakonde, yanaikata Zambia, yanafika Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, na hapo dereva anakabidhiwa karatasi za Kifaransa aweke sahihi. Kati ya watoto niliowakuta darasani, kadhaa baba zao wako kwenye foleni hiyo. Ila shule haikuwa na Kifaransa. Haijawahi kuwa nacho. Mwalimu wa taaluma aliisoma barua yenu ya utambulisho, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna maelezo zaidi, kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Karibu sana mwalimu. Historia ya Tanzania na Maadili haina mtu."

Basi nikawa mtu wa Historia ya Tanzania na Maadili. Usiku nasoma, asubuhi nafundisha nilichosoma usiku. Watoto wale walistahili mwalimu aliyesomea somo hilo, na nina hakika naye mmempeleka mahali akafundishe Kemia.

Halafu akaja asesa kutoka chuoni kunipima. Alikuja bila taarifa, kama ilivyo mila, mkononi ana fomu iliyoandikwa KIFARANSA. Na fomu ikishaandikwa, imeandikwa. Ikabidi Kifaransa kipatikane. Watoto waliokuwa wakifyeka nyasi nyuma ya choo waliitwa, wakaacha mafyekeo, wakanawa miguu, wakaketi. Kwa dakika 40 niliwafundisha kusalimiana na kutaja majina yao. Walifurahi mno, afadhali hivyo kuliko nyasi. Asesa wenu, ambaye ni mtaalamu wa udongo (kwenye udongo namheshimu sana), alikaa nyuma na kalamu yake. Mnara wa Eiffel niliokesha nikiuchora kwa maka peni kwenye manila ulipata alama zote za zana. Upande wa ufundishaji aliandika maneno mawili: "Matamshi yaboreshwe."

Matamshi yapi, waheshimiwa? Ya nani? Bwana yule ukifunika saa ya ukutani hawezi kujua kama nimesema bonjour au bonsoir. Katika chumba kile mtu aliyekuwa na haki ya kusema lolote kuhusu matamshi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ubaoni ameshika chaki. Na alama ile haifutiki. Itanifuata kwenye kila usaili nitakaoitwa, kama nitaitwa.

Lakini sikuandika kulalamika. Nimeandika kuomba.

Mnakumbuka mwaka 2016, Serikali ya Awamu ya Tano ilipowaondoa watumishi hewa kwenye orodha za mishahara. Taifa lilishangilia, na hakuna aliyeuliza walikwenda wapi. Naona tulipoteza hazina. Wale walikuwa watu wenye uzoefu: wanahudhuria bila kuonekana, wanasaini bila mkono, wanapanda daraja bila kunung'unika. Naomba watafutwe popote walipo, wapunguzwe umri, na wapangwe kuwa wanafunzi wa Kifaransa katika kila shule mtakayotupeleka. Mkondo wao uitwe Kidato cha Pili H.

Faida ni nyingi kuliko mnavyodhani. Kidato cha Pili H hakihitaji madawati wala tundu la choo. Hakili uji wa saa nne, kwa hiyo mzazi hatachangishwa mahindi. Asesa akiingia atakuta utulivu ambao hajawahi kuuona tangu aanze kazi hii, na kile kipengele cha nidhamu darasani atakijaza kabla hajakaa. Nikiuliza swali, mikono hewa itanyooshwa darasa zima, nami nitachagua wa nyuma kabisa, nisionekane napendelea wa mbele. Nitampongeza kwa jina. Madaftari yao yatakuwa yamesahihishwa hadi ukurasa wa mwisho. Kikao cha wazazi hakitakuwa na fujo. Mtihani wakifanya watafaulu, au tuseme hakuna atakayefeli, na kwenye taarifa hayo mawili huandikwa kwenye safu moja.

Tena itakuwa haki kwa asesa. Asesa asiyejua Kifaransa na mwanafunzi asiyekuwepo watakuwa wamekutana kwenye kiwango kimoja cha lugha, na hakuna atakayemwaibisha mwenzake. Akipenda anaweza kubaki hukohuko chuoni, nami nikabaki geto, tukajaziana fomu kwa simu. Posho yetu ya mazoezi tayari ni hewa, hivyo sehemu hiyo ya mpango mmeshaianza, na nawashukuru.

Mengine ni madogo. Manila na maka peni mgharamie ninyi, maana ndivyo mnavyovipima. Wenzangu wa Kiarabu wasikabidhiwe vipindi vya dini siku ya kwanza kabla hawajauliza choo kiko wapi. Wa Kichina wasiitwe ofisini kila wiki kumsomea mkuu wa shule maandishi ya kwenye boksi la redio.

Nimeambiwa pia kwamba tatizo ni kukosa taarifa, ofisi haijui shule zipi zina Kifaransa. Hilo nalo niliseme kwa adabu. Baraza la Mitihani huwatahini watoto wa Kidato cha Nne somo la Kifaransa. Karatasi za mtihani haziangushwi na ndege. Zinapelekwa kwenye shule zenye majina na namba. Orodha ipo. Ni simu moja. Hamjawahi kuipiga. Waliotutangulia walirudi kutoka fildi na hadithi hizihizi, tukacheka nao kantini, mwaka uliofuata zamu ikawa yetu, na wanaotufuata wamekwishaanza kutuuliza Historia ya Tanzania na Maadili ina mada ngapi. Mtaala ulioanza Januari 2024 unataja Kifaransa, Kiarabu na Kichina kwa majina. Burundi na Rwanda ziko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo imeingia 2022. Serikali inasema lugha hizi zinahitajika, mkopo tunakopeshwa tuzisomee, na siku ya kwenda kujifunza kuzifundisha, ofisi inayohusika inatupeleka kusimamia ufyekaji. Huu si upungufu wa taarifa. Ni dharau, na mnaitenda kila mwaka kwa mhuri na sahihi.

Niwieni radhi. Nimepandisha sauti mbele ya wakubwa.

Kuna jambo moja halimo kwenye fomu, naliweka hapa kwa kumbukumbu za ofisi. Asesa alipoondoka, kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza alinifuata na karatasi iliyokunjwa mara nne. Baba yake alirudi nayo kutoka Kasumbalesa, amelipa, hajui amelipia nini. Nilimsomea: maegesho. Akauliza na ile mistari ya chini je. Tukaisoma pamoja, neno kwa neno, mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia, na kesho yake alikuja na wenzake wenye karatasi zao. Hicho ndicho kipindi pekee cha Kifaransa kilichofundishwa katika shule ile. Hakina andalio, hakina zana, na kwa utaratibu wenu ni sifuri.

Nasubiri majibu yenu, ambayo najua yatachukua muda kwa kuwa lazima yapite kwa yuleyule mtaalamu wa udongo.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa mazoezi, Kifaransa (na Historia ya Tanzania na Maadili)

Kiambatisho: Daftari la mahudhurio, Kidato cha Pili H. Wote wamehudhuria.